Vali ya moyo imebana na mshipa wa moyo una ufinyu: kipi kitangulie, na kwa nini picha zote hizi?

MtotoWaPili

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada wa kuelewa, si wa kuamua, kwa kuwa uamuzi tutaufanya pamoja na madaktari wanaomtibu mgonjwa.

Mama yangu ana miaka 79. Kwa zaidi ya mwaka amekuwa akipanda ngazi za nyumbani kwa awamu: akifika kidato cha saba husimama, hufungua mkoba wake na kuupekua kana kwamba kuna kitu anakitafuta, kisha huendelea. Sote tulidhani amekuwa msahaulifu. Mwezi uliopita alizimia akiwa amesimama jikoni, ndipo tukafikishwa kwa daktari wa moyo.

Eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha kwamba vali ya aota, yaani ile inayopitisha damu kutoka moyoni kwenda mwilini, imekakamaa na kubana. Ripoti inasema uwazi wake ni sentimita ya mraba 0.8, lakini wastani wa tofauti ya shinikizo kati ya upande mmoja wa vali na mwingine ni milimita 31 za zebaki, na moyo unasukuma asilimia 40 tu ya damu iliyomo kwa kila pigo. Mwishoni wameandika "huenda ni ufinyu mkali". Baadaye alipitishiwa katheta (mrija mwembamba) mkononi ili kupiga picha mishipa inayolisha moyo wenyewe, na mshipa wa mbele ukaonekana una ufinyu wa karibu asilimia 70. Sasa wanataka CT skani mbili, moja bila dawa ya rangi na nyingine yenye rangi kuanzia shingoni hadi mapajani.

Ninatatizwa na mambo matatu. Kwanza, "huenda" inatoka wapi, ikiwa vali imepimwa na namba ipo? Pili, kwa nini apigwe picha hadi mapajani wakati ugonjwa uko kifuani, tena figo zake si imara? Tatu, tumeambiwa vali mpya inaweza kuingizwa kwa katheta bila kupasua kifua. Je, ule mshipa uwekewe stenti, yaani kijibomba cha wavu cha kuutanua, kabla ya vali, baada yake, au uachwe? Naomba kuwasilisha.

FundiEko

Pole sana kwa kuuguliwa, ndugu mleta mada. Mimi kazi yangu ni kupima moyo kwa eko, kwa hiyo nitajibu swali la kwanza na kuyaacha mengine kwa wenye nayo.

Chukua mpira wa kumwagilia maji na uzibe mdomo wake kwa kidole gumba. Bomba likiwa limefunguliwa sana, maji yataruka mbali, nawe utajua kidole kimebana kweli. Punguza bomba bila kukisogeza kidole hata kidogo, na maji yatadondoka karibu na miguu yako. Mtu anayetazama maji tu atasema kidole kimelegea. Vali ya mama yako ni kidole, na moyo wake uliochoka ni bomba lililopunguzwa.

Kwa kawaida tunasema vali ya aota ina ufinyu mkali ikiwa uwazi wake uko chini ya sentimita ya mraba 1.0, kasi ya damu imefika mita 4 kwa sekunde, na wastani wa tofauti ya shinikizo umefika milimita 40 za zebaki. Kwa mama yako uwazi unasema "mkali" na shinikizo linasema "wa kati". Shinikizo hatulipimi moja kwa moja. Tunalikokotoa kutokana na kasi ya damu, na kasi hiyo huzidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo moyo ukisukuma kwa unyonge namba hushuka haraka kuliko mtu anavyotarajia.

Na uwazi nao una udhaifu wake, jambo ambalo sisi wapimaji hatupendi kulitangaza. Ili kuupata, tunapima upana wa njia iliyo chini ya vali, kisha tunauzidisha upana huo kwa wenyewe. Nikisoma milimita 20 mahali palipo na 22, eneo la njia hiyo litapungua kwa zaidi ya sehemu moja ya sita, na vali ambayo kwa kweli iko karibu na 1.0 nitaiandika 0.8. Milimita mbili kwenye picha yenye ukungu si kosa kubwa la jicho. Ndiyo maana mpimaji mwaminifu huandika "huenda".

Zipo njia mbili za kuliondoa neno hilo. Ya kwanza ni kurudia eko huku mgonjwa akipewa dobutamini kwa kiwango kidogo, dawa inayoufanya moyo usukume kwa nguvu zaidi. Shinikizo likipanda huku uwazi ukibaki mdogo, vali ndiyo mkosaji. Uwazi ukitanuka, basi vali ilikuwa haifunguki vizuri kwa sababu moyo haukuwa na nguvu ya kuifungua. Ya pili ndiyo hiyo CT skani isiyo na rangi. Inahesabu madini ya kalsiamu yaliyojikusanya kwenye vali, na hesabu hiyo haijali moyo unasukuma kwa nguvu au kwa unyonge. Kwa mwanamke, alama kuanzia 1,200 zinaelekeza kwenye ufinyu mkali. Kwa mwanamume ni kuanzia 2,000. Rangi haitumiki hapo kwa sababu nayo huonekana nyeupe kama kalsiamu, na hesabu ingevurugika.

Picha_na_Vivuli

Nashukuru FundiEko amefungua njia. Mimi niko upande wa CT skani, na swali la pili huulizwa na karibu kila familia.

Vali inayoingizwa kwa katheta hukunjwa hadi iwe nyembamba, hupitishwa kwenye mshipa wa paja, husafirishwa ndani ya aota hadi moyoni, na hufunguliwa ndani ya vali ya zamani ambayo husukumwa pembeni. Haishonwi kwa uzi. Inashika kwa sababu ukubwa wake umelingana na pete ambamo imekaa. Daktari wa upasuaji wa kifua wazi anaiona pete kwa macho na kuijaribisha vipimo mezani, lakini anayetumia katheta hana nafasi hiyo, kwa hiyo lazima ajue ukubwa kabla hajaanza.

Na pete hiyo si duara. Nikiifungua picha na kuigeuza hadi sehemu tatu za chini kabisa ambako vijani vya vali, yaani vile vipande vinavyofunguka na kufunga, vimejishikiza zikae kwenye usawa mmoja, mara nyingi ninachokiona ni umbo la yai, tuseme milimita 21 upande mmoja na 27 upande wa pili. Eko ya kawaida hukata upande mmoja tu, na mara nyingi ni ule mfupi. Tunazungusha mstari pembezoni, tunapata mzingo na eneo, na kutoka hapo ndipo ukubwa wa vali unachaguliwa. Vali ndogo mno huvujisha damu pembeni au hata kuhama; kubwa mno inaweza kuipasua pete, na hilo ni janga. Picha hunaswa sambamba na mapigo ya moyo, kwa kuwa pete hubadilika umbo ndani ya pigo moja.

Kwenye picha hiyo hiyo tunapima umbali kutoka kwenye pete hadi kwenye midomo ya mishipa inayolisha moyo. Mdomo ukiwa chini sana, hasa chini ya milimita 10 hadi 12, kijani cha vali ya zamani kinaposukumwa pembeni kinaweza kuuziba. Kisha tunashuka hadi mapajani. Mrija wa kupitishia vali unahitaji mshipa wenye upana wa milimita 5 hadi 6 hivi, kutegemea aina ya kifaa, na mshipa wenye upana wa kutosha lakini uliojipinda huku kuta zake zimejaa kalsiamu unaweza kuwa mbaya kuliko mwembamba ulio laini. Matatizo ya mshipa wa paja ni miongoni mwa yale yanayotokea zaidi, na njia bora ya kuyakwepa ni kuyaona mapema. Njia ya paja isipofaa, zipo nyingine, kama vile mshipa ulio chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega.

Kuhusu figo, wasiwasi wako ni wa haki. Mwambieni mpiga picha mapema, mpelekeeni kipimo cha kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) cha hivi karibuni, na muulize kama rangi inaweza kupunguzwa, kwa kuwa mashine nyingi za sasa zinaruhusu. Ulizeni pia kama anjiografia (ile picha ya mishipa ya moyo kwa katheta) na CT zinaweza kuachana kwa siku kadhaa ili figo zipumzike. Picha isiyo na rangi haizigusi figo kabisa.

Msafiri77

Mimi si mtaalamu, lakini nashauri mshipa uzibuliwe kwanza. Asilimia 70 ni nyingi. Isitoshe hiyo vali ya katheta bado ni kitu cha majaribio. Mtu anawezaje kufanyiwa jambo kubwa hivyo huku moyo wenyewe haupati damu?

BintiSeremala

Msafiri77, sisi tulifikiri hivyo hivyo. Baba aliwekewa stenti mbili kwanza, akaanzishiwa dawa mbili za kuzuia damu kuganda, na wiki ya tano akatokwa na damu tumboni. Akaongezewa damu, dawa moja ikasimamishwa, na vali ikasubiri miezi minne huku akiendelea kukosa pumzi. Hatimaye alifanyiwa na anaendelea vizuri, ila hakuna aliyetuambia mapema kwamba stenti ina deni lake.

DaktariWaKatheta

Habari za leo. Ninafanya kazi hii ya katheta na nitajibu kwa jumla tu, kwa sababu sijamwona mgonjwa.

Kwanza tuliweke sawa hili la majaribio. Vali ya aota iliwekwa kwa katheta ndani ya mwanadamu kwa mara ya kwanza mwaka 2002, mjini Rouen, Ufaransa, na Alain Cribier, kwa mgonjwa ambaye hakuweza kufanyiwa upasuaji. Kufikia mwaka 2019 tafiti kubwa zilikuwa zimeilinganisha na upasuaji hata kwa wagonjwa wenye hatari ndogo, na matokeo ya miaka ya mwanzo hayakuwa mabaya kuliko ya upasuaji. Swali linalobaki wazi zaidi ni vali hizi zitadumu miaka mingapi kwa mgonjwa kijana. Kwa mama wa miaka 79 swali hilo lina uzito mdogo.

Sasa mshipa. Asilimia 70 ni makadirio ya jicho yanayotokana na kivuli. Madaktari wawili wakiitazama filamu moja, mmoja anaweza kusema 60 na mwenzake 75, na wote ni wazoefu. Kinachomsaidia mgonjwa ni kujua kama damu inapungua baada ya ufinyu. Tunapitisha waya mwembamba wenye kipima shinikizo hadi ng'ambo ya ufinyu, tunatoa dawa ya kuitanua mishipa midogo, na kulinganisha shinikizo la mbele na la nyuma. Jibu likiwa 0.80 au chini, ufinyu unazuia damu kweli. Vali ikiwa imebana, kipimo hiki kinaweza kuonyesha hali afadhali kidogo kuliko ilivyo, kwa hiyo 0.81 huisoma kwa tahadhari, ilhali 0.90 hainipi shida.

Utafiti wa NOTION-3 uliotolewa mwaka 2024 uliwahusu wagonjwa wa aina hii hasa: vali ya kuwekwa kwa katheta, pamoja na mshipa ambao kipimo chake ni 0.80 au chini, au ufinyu wa asilimia 90 na kuendelea kwa jicho. Katika ufuatiliaji wa miaka miwili hivi, vifo, mshtuko wa moyo na haja ya kuzibua mshipa kwa dharura, vikihesabiwa pamoja, viliwapata asilimia 26 ya waliowekewa stenti na asilimia 36 ya walioachwa. Lakini kutokwa na damu kulikuwa asilimia 28 dhidi ya 20. Hilo ndilo deni analolisema BintiSeremala, na nampa haki yake. Kwa hiyo Msafiri77 hajakosea kabisa; amekosea kuichukua asilimia 70 kama jibu lililokamilika.

Kuhusu kipi kitangulie: ufinyu ukithibitika na uko mwanzoni mwa mshipa mkubwa, wengi wetu huushughulikia kabla ya vali, kwa sababu baadhi ya vali zina kiunzi kirefu kinachopanda juu ya midomo ya mishipa ya moyo, na kuifikia kwa katheta baadaye ni kama kupitisha uzi kwenye tundu la kapu. Usipothibitika, uacheni, wekeni vali, na baada ya hapo dawa moja ya aina ya aspirini mara nyingi hutosha.

MtotoWaPili

Nawashukuru sana nyote. Narudi na majibu. Alama za kalsiamu ni 1,640, kwa hiyo neno "huenda" limefutwa kwenye ripoti mpya. Walirudi na waya wenye kipima shinikizo, wakapata 0.88, mshipa utaachwa na dawa ya kolesteroli itaendelea. Mishipa ya paja inafaa pande zote mbili. Jambo moja limebaki: kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, wameandika kwamba njia ya umeme ya tawi la kulia imekatika, na daktari akasema tujiandae kwa uwezekano wa kifaa cha kurekebisha mapigo. Mama anauliza vali na umeme vinahusiana vipi.

DaktariWaKatheta

Mama ameuliza swali zuri. Njia ya umeme inayotoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini hupita chini kidogo tu ya pete ya vali ya aota, na baada ya hapo hugawanyika kuwa tawi la kulia na la kushoto. Vali mpya ikikaa, hulikandamiza eneo hilo, hasa upande wa kushoto. Mwenye matawi yote mawili anaweza kulipoteza moja na asihisi chochote. Mama ameshalipoteza la kulia, kwa hiyo akipoteza na la kushoto, umeme hautashuka na mapigo yatapungua mno. Hiyo ndiyo dalili inayotabiri haja ya kifaa kuliko nyingine nyingi. Ulizeni kama atakayemwekea vali atajitahidi kuiweka juu kidogo, kama waya wa muda wa kuongoza mapigo utaachwa baada ya kazi badala ya kuondolewa mezani, na atakaa chini ya mashine ya kufuatilia mapigo kwa siku ngapi kabla ya kuruhusiwa.