Draya za nyumbani na hatari ya moto: tupeane uzoefu, watu wa Tanga

Mwambao TG
Wadau, masika yakishika hapa mjini nguo zinashinda kambani siku tatu na bado zinanuka uvundo, kwa hiyo mwenye draya, yaani mashine ya kukaushia nguo, anaiendesha kutwa. Uzi huu ni wa matunzo na usalama tu, mambo ya bei tuyaache. Anayeijua kazi hii amwage alichonacho.

Fundi Makorora
Chujio la nyuzi lisafishwe kila mzigo unapotoka, si kila wiki. Likijaa, hewa haipiti, joto la hita linabaki ndani, na nyuzi za pamba hushika moto upesi kama sufi. Wanaotumia vitambaa vya kulainishia nguo wajue vinaacha utando usioonekana kwenye wavu. Mwagia maji kidogo juu yake: yakituama bila kupenya, sugua kwa mswaki laini, maji ya uvuguvugu na sabuni. Likauke kabisa ndipo ulirudishe. Wavu ukichanika nunua mwingine.

Spana
Kwa draya inayotoa hewa nje, tazameni bomba. Upana wake ni kama mm 100. Liwe la bati au alumini ngumu, fupi, lenye kona chache. Yale ya plastiki na ya karatasi ya fedha yana mikunjo inayonasa nyuzi. Litoke nje ya nyumba, kamwe lisiishie darini. Lifunguliwe na kusuguliwa walau mara moja kwa mwaka. Mdomo wa nje uwe na kifuniko kinachojifunga chenyewe. Msiweke wavu wa mbu pale kwa kuogopa mijusi, utaziba kwa nyuzi. Nyumba za karibu na bahari zikague bawaba ya kifuniko hicho, chumvi huila kikakwama.

Dalili ya kuziba: nguo za saa moja zinachukua saa mbili. Ukipuuza, fyuzi ya joto, ile inayokata umeme mashine ikichemka kupita kiasi, inakatika. Hapo fundi akitaka kuipitisha waya moja kwa moja ili mashine iwake, mkatalie. Hiyo ndiyo kinga ya mwisho. Kwanza itafutwe sababu, kisha iwekwe fyuzi mpya.

Raskazone
Zile zenye tenki la maji hazina bomba, lakini zina kazi yake. Tenki limwagwe kila mzigo. Kama kondensa yake, sehemu inayogeuza mvuke wa nguo kuwa maji, inachomoka, isuuzwe bombani kila mwezi, ichuruzike vizuri. Zile za pampu ya joto, zinazotumia mtambo kama wa friji badala ya hita, mapezi yake (vile vibati vilivyopangwa mistari) ni membamba sana: brashi laini tu, kufuata mistari yake. Plagi itoke ukutani kabla ya yote.

Umeme Chumbageni
Draya ya hita ya wati 2,300 kwenye volti 230 inavuta ampea 10, tena kwa saa nzima. Ichomekwe kwenye soketi yake ukutani, si kwenye waya wa kuungia wenye friji na pasi. Baada ya nusu saa gusa plagi: ikiwa inaunguza au soketi imebadilika rangi, zima, soketi ibadilishwe. Iliyotoka Marekani huenda si ya umeme wetu, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni umeme kukatika katikati ya kazi. Dakika za mwisho za mzunguko ni za kupoza nguo. Umeme ukikatika, feni inasimama, nguo zimerundikana na joto lote. Usiziache humo ukisubiri urudi. Zitoe mara moja, zitandaze mojamoja. Kwa sababu hiyohiyo usiiwashe ukalala au ukatoka.

Mwambao TG
Na matambara ya jikoni?

Fundi Makorora
Yenye mafuta ya alizeti yasiingie kabisa. Mafuta hayo hayatoki yote kwa kufua, na yakiwa na joto kwenye lundo hujichemsha yenyewe hadi kuwaka, hata saa kadhaa baada ya kutolewa. Yenye petroli au mafuta ya taa nayo yasiingie. Mito ya sponji pia, hiyo ianikwe.