Mashini ya kudarizi au nibaki na mkono? Naamua kabla ya Jumamosi

NyaboWaNyuzi
Habari zenu wapendwa. Nadarizi kwa mkono hapa nyumbani tangu mwaka jana, foronya, vitambaa vya meza, gauni za binti yangu, sasa nataka kujaribu mambo makubwa kidogo. Kuna mama anahama anauza mashini yake ya kudarizi, ile ya kompyuta, unaingiza mchoro inashona yenyewe. Anataka jibu kabla ya Jumamosi. Cherehani niliyo nayo ni ya kukanyaga. Ninunue ama nibaki na sindano yangu? Naomba mtu aliyetumia anishauri.

FundiKiyembe
Dada, hujasema kitu. Ni aina gani, bei gani, fremu yake ukubwa gani? Kuna za inchi 4 kwa 4, yaani sentimita 10 kwa 10, hiyo ni ya beji ya shati. Za 5 kwa 7 zina nafasi kidogo. Kazi ikizidi fremu lazima ufungue kitambaa ukifunge upya, na hapo ndipo mistari inakosana. Mimi nashona omulela wa kanzu, ile darizi nyekundu ya kifuani, najua ninachosema. Na unataka kudarizi nini, juu ya kitambaa gani?

MamaBombo
Mwanangu baki na mkono. Uzi wa kudarizi wa DMC una nyuzi sita ndani yake, unatoa mbili kwa jani jembamba, tatu kwa ua, zote sita kwa mstari mnene, mashini haikupi uhuru huo. Angalia kofia za mkono za Zanzibar, mtu anaikalia kofia moja miezi, na ukiishika unajua tu. Bibi yangu alinifundisha kwenye amerikani, tunachora kwa kaboni, na darizi ilikuwa haijaisha mpaka ageuze nyuma. Nyuma ikiwa na mafundo, fumua.

FundiKiyembe
Mama heshima zako, lakini mteja wa sare za shule hageuzi nyuma.

MamaBombo
Huyu hajasema ana mteja wa sare.

ArusiArua
Kabla hujatoa pesa yako nisikilize maana hii kitu iliniumiza. Dada yangu yuko Marekani, 2022 alininunulia mashini ya kudarizi, mpya, akaituma na mtu, nikaipokea Entebbe mwenyewe nikaibeba kwa basi mpaka Arua nimeipakata magotini usiku mzima kwa sababu niliogopa kuiweka chini kwenye buti. Kufika nyumbani plagi yake ni ile ya vibati viwili, haiingii ukutani, nikaenda dukani wakaniuzia adapta, mwenye duka akaniambia hiyo inatosha. Nikachomeka. Taa yake ikawaka nyeupe sana, ikalia kama nyuki, halafu harufu ya plastiki inaungua na moshi ukatoka pale upande wa gurudumu. Haikushona hata tundu moja. Kumbe umeme wa kule ni volti 120 na wetu ni 240, na adapta inabadilisha umbo la plagi tu, umeme unabaki ule ule. Fundi wa kwanza akasema bodi imeungua, wa pili akachukua pesa yangu ya spea akazima simu. Iko juu ya kabati mpaka leo, na dada yangu sijamwambia.

FundiKiyembe
Pole sana. Nyabo, geuza hiyo mashini uangalie kibati cha nyuma ama chini. Ikiandikwa 220–240V chomeka kwa amani. Ikiandikwa 120V peke yake utahitaji transfoma ya kushusha, na iwe na wati zaidi ya zile za mashini.

ArusiArua
Transfoma haitakusaidia umeme ukikatika katikati ya ua.

FundiKiyembe
Nyingi zinakumbuka zilipoishia. Amuombe mwenyewe aizime katikati ya kazi halafu aiwashe waone. Na umeme siku hizi si mbaya hivyo.

ArusiArua
Kampala si mbaya. Njoo Arua.

KatikatiYaBarabara
Mbona hamtaji njia ya tatu? Cherehani yake ya kukanyaga inadarizi vizuri kabisa! Unatoa mguu wa kushonea, unashusha meno ya chini yasisukume kitambaa (nyingine zina skrubu chini ya meza, kama haina unafunika meno na kibati), unabana kitambaa kwenye hupu ya mbao, unateremsha ile lifti ya mguu kama kawaida ili uzi ukaze, halafu unasogeza hupu wewe mwenyewe kwa mikono miwili huku unakanyaga. Ni kama kuandika kwa kusogeza karatasi badala ya kalamu. Wiki ya kwanza utavunja sindano. Ya pili mkono unaanza kuelewa, unakanyaga sawasawa na kusogeza taratibu. Umeme ukienda wewe unaendelea.

MamaBombo
Hiyo nayo ni mkono. Nakubali.

NyaboWaNyuzi
Asanteni jamani, nilikuwa safarini. Niko Bugembe, Jinja. Nina milioni moja na laki mbili, yeye anataka milioni moja na nusu. Nimepigiwa, kibati kinasema 220–240V, fremu ni 5 kwa 7. Ninachotaka kushona ni picha za ukutani juu ya lubugo, kile kitambaa cha gamba la mti, miti na ndege wa ziwani, kama mita moja hivi.

FundiKiyembe
Banange! Hilo ungesema kwanza. Lubugo haijafumwa, ni gamba la mti wa mutuba limepondwa kwa nyundo za mbao, hakuna nyuzi za kusogea kupisha sindano. Kila tundu ni tundu la kudumu. Mashini ikijaza ua kwa mishono iliyobanana, ua lote linang'oka kama stempu. Nimeona kwa macho yangu, mteja aliniletea kazi ya nembo, nikaishika ikabaki mkononi kama biskuti. Kama lazima, weka pamba nyepesi nyuma, tumia mchoro wenye mishono michache na mirefu. Na usiibane lubugo yenyewe kwenye fremu, inaacha alama ya duara. Bana kitambaa cha nyuma au vailini, ile kama karatasi ngumu ya kuwekwa nyuma ya darizi, lubugo unaishikiza juu.

MamaBombo
Kwa lubugo laza uzi mnene juu, halafu ubane kwa uzi mwembamba kila nusu kidole. Sindano inaingia mara chache, na mstari unakaa juu kama mzizi. Hapo picha inaishi.

Muzukulu_Masaka
Samahani mimi sishoni, lakini lubugo ni ya kuzikia. Kwetu mtu akiona lubugo sebuleni anauliza nani amefariki. Wewe utalala hapo?

KatikatiYaBarabara
Ndugu, Kabaka, mfalme wa Buganda, anatawazwa kwa lubugo. UNESCO waliitangaza 2005, na 2008 ikaingia kwenye orodha yao ya urithi. Siku hizi ni kofia, mikoba, vifuniko vya vitabu.

Muzukulu_Masaka
Najua, ukoo wa Ngonge ndio mafundi wake wa Kabaka toka zamani. Sijasema ni mbaya, nimesema ina uzito. Mzee wangu alizikwa nayo, mimi siwezi kuitundika juu ya televisheni.

MamaBombo
Muache asikike. Nyabo, uliza wazee wa kwenu kabla hujapiga msumari ukutani.

NyaboWaNyuzi
Nimesikia Muzukulu, asante kwa kusema wazi. Mama mkwe wangu ni Muganda, nitamuuliza jioni hii. Jumamosi nitakwenda na kipande cha lubugo na pamba ya nyuma, nimuombe huyo mama ashone ua moja mbele yangu. Hata kununua sijasema.

FundiKiyembe
Sindano iwe ndogo, saizi 75/11, mpya. Ukigeuza nyuma uzi wa bobini, ule wa chini, uonekane katikati, kama theluthi moja ya upana wa mshono. Huo wa bobini ukijaa upana wote, uzi wa juu umekaza mno.

ArusiArua
Na uinuse mashini ikishona dakika kumi. Harufu haidanganyi.

KatikatiYaBarabara
Kama mtu anakwenda Kikuubo, pale madukani Kampala, wiki hii, vailini wanakata kwa mita ama lazima ununue rola nzima?

Muzukulu_Masaka
Nyabo, mama mkwe alisemaje?