Kufundisha Elimu ya Biashara kwa kushirikiana na wafanyabiashara wa jirani: tuanzie wapi?

MwalimuBiashara_Singida

Walimu wenzangu na wadau wengine, habari za kazi. Ninafundisha Elimu ya Biashara katika shule ya kata mkoani Singida, na kwa kuwa mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umelifanya somo hili kuwa la lazima kwa mkondo wa elimu ya jumla, ninao darasani wanafunzi wengi ambao hawajawahi kuliona daftari la mauzo. Shule yetu imezungukwa na mashine za kukamua alizeti, maduka ya pembejeo, mafundi cherehani na mama lishe. Utaratibu uliozoeleka ni kumwalika mfanyabiashara aje azungumze: anasifu bidii na uvumilivu, anapigiwa makofi, anaondoka, na wanafunzi wanabaki hawajui faida yake inatoka wapi. Naomba ushauri wa namna ya kujenga ushirikiano wenye manufaa ya kweli, bila kuwageuza watoto kuwa vibarua wa bure.

Mkamuaji

Mwalimu, pokea salamu zangu. Ninamiliki mashine ndogo ya kukamua alizeti. Kwanza, usituletee wanafunzi mwezi wa sita au wa saba, kwa sababu mavuno yanakuwa yameingia, magunia yamejaa hadi nje na hakuna mwenye nafasi ya kujibu maswali. Waje Februari au Machi, wakati mashine nyingi zimesimama kwa kukosa mbegu, maana hapo ndipo ugumu wa biashara yetu unapoonekana wazi. Gunia moja la kufundishia halikosekani. Lipimwe mbele yao kabla ya kukamuliwa, kisha yapimwe mafuta yaliyochujwa na mashudu yaliyotoka, nao waeleze uzito uliopungua umekwenda wapi. Baada ya hapo waulize bei ya mafuta, bei ya mashudu tunayowauzia wafugaji, gharama ya umeme na ya madumu, na ujira wa vijana wanaobeba. Mgeni huyaona mashudu kuwa taka, kumbe zipo siku ambazo bila hayo tungekamua kwa hasara.

Swali kubwa, ambalo mimi mwenyewe bado nalitafutia jibu, ni hili: mbegu huwa na bei nafuu wakati wa mavuno, lakini wakati huohuo fedha taslimu ninayo kidogo. Je, nikope ili ninunue na kuhifadhi, niingie makubaliano na wakulima kabla ya msimu, au niendelee kukamua mali za watu kwa ujira tu? Wanafunzi wakiniletea hesabu ya njia hizo tatu nitaisoma kwa makini, kwa kuwa ninaihitaji.

Mratibu_Elimu

Ushauri huo ni mzuri sana. Kuhusu hofu ya vibarua, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na mwenye umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala kuathiri masomo. Kwa hiyo wanafunzi wapime, wahoji na waandike. Wasiendeshe mashine wala kubeba magunia, na mwalimu awepo muda wote. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja, na wazazi watoe idhini.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni siri ya biashara. Mfanyabiashara mdogo huogopa hesabu zake kufika kwa mshindani wake, na mtoto anayesimulia nyumbani aliyoyaona hana nia mbaya, lakini madhara ni yaleyale. Ndiyo maana hesabu ya gunia moja inafaa kuliko hesabu ya mwaka mzima. Pia zungumzeni na ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambao wanaijua vizuri safari ya mjasiriamali mdogo hadi kupata alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania.

Mwl_Kilimo

Naongeza tahadhari moja. Tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 shule zetu zimelima na kufuga, lakini mara nyingi mwanafunzi alishika jembe na mtu mwingine akashika daftari. Mkinunua mashudu kwa ndugu huyo mkalisha kuku wa shule, daftari la mapato na matumizi likae kwa wanafunzi wenyewe, na hasara ikitokea waisome mbele ya wenzao na kueleza chanzo chake.

MwalimuBiashara_Singida

Nawashukuru sana. Ndugu Mkamuaji, nitaanza na hesabu ya njia zako tatu. Kabla sijamwona mkuu wa shule naomba unifafanulie jambo moja: mkulima anapoleta mbegu zenye unyevu au takataka, mnapunguza uzito kwa kigezo gani? Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wakulima hao, na hilo watakuuliza kabla ya mengine yote.