Klabu yetu imechimba kisima shuleni Meru bila kupima floraidi, watoto wanakunywa, sisi tuko bize kuvisha pini wanachama wapya

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, naomba mvumilie, maana nimeongea kwenye vikao nikajibiwa tutalifanyia kazi, nimeandika kwenye grupu la watsap la wanachama, grupu likafungwa wakabaki wanaandika maadmini tu, sasa nimeamua kuongelea hapa.

Mimi ni mwanachama wa klabu moja ya huduma hapa Arusha, zile klabu za wafanyabiashara na wataalamu mnakutana hotelini kila wiki, mnalipa ada, mnachangisha hela na kufanya miradi ya jamii. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Klabu ilichangisha kwa watu wa mji huu, ikachimba kisima kwenye shule ya msingi moja upande wa Maji ya Chai, ikazindua, ikabandika kibao ukutani, ikaondoka. Maji hayakupimwa floraidi, yaani madini yanayoyeyuka kwenye maji na yakizidi yanadhuru, kabla ya kuchimba wala kabla ya kufungua bomba, na mpaka leo hakuna karatasi yoyote ya maabara ambayo klabu inaweza kuionyesha.

Kwa ambao sio wa huku labda hamuelewi kwa nini napiga kelele, maji si maji jamani? Hapana. Huku tuko chini ya Mlima Meru, miamba yetu ni ya volkano, na maji yakipita humo yanabeba floraidi. Kiwango cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 1.5 kwa lita, na sisi Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4 kwa sababu tu ya shida ya maji vijijini, baadae ndo ikashushwa nayo ikawa 1.5. Kuna vyanzo huku vinazidi hata hiyo 4 ya zamani. Mnaona watu wa huku wana meno ya kahawia mnawacheka mitandaoni, ndo hiyo. Na meno ni sehemu nyepesi ya tatizo, ikizidi kwa muda mrefu inaingia kwenye mifupa, kuna watoto huku wamepinda miguu, kuna watu wazima mgongo na viungo vimekakamaa hawawezi kuinama vizuri. Nimezaliwa huku, hao watu nawajua kwa majina, ni majirani na ndugu zangu, sio kitu nimesoma mahali.

Na mtu asije kuniambia wachemshe. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi haitoki hata kidogo, tena maji yakipungua sufuriani inayobaki inakuwa kali zaidi. Hapo bado maharage yamewekwa magadi, na magadi ya huku nayo yana floraidi yake.

Kinachoniuma zaidi ni umri. Meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi mtoto akiwa bado mdogo, mpaka kwenye miaka 8 hivi, kwa hiyo wanaoathirika vibaya ni hawa wa awali, darasa la kwanza na la pili, ndo haohao waliopangwa mstari mbele ya bomba siku ya uzinduzi wakiwa na vikombe vya plastiki wapigwe picha wanakunywa. Ile picha ipo kwenye kurasa za klabu mpaka leo. Nikiiona nashikwa na hasira nashindwa hata kula.

Sasa nieleze ilivyokuwa maana kuna watu humu watasema ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya.

Shule haikuomba kisima. Kamati ya shule na mwalimu mkuu waliandika barua wakaomba magata na matanki ya kuvuna maji ya mvua. Shule ina mapaa marefu ya bati, huku masika inapiga kuanzia Machi mpaka Mei na vuli nayo inakuja, na maji ya mvua hayana floraidi. Wale wazazi wanaijua ardhi yao kuliko sisi wote tunaokula chakula cha mchana hotelini! Barua ikasomwa kwenye kikao, rais wa klabu wa mwaka ule akasema matanki hayana mvuto kwa wafadhili, kisima ndo kinauzika. Nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu. Yaani mahitaji ya watoto yakapimwa kwa kuangalia picha itatokaje.

Alafu tulikuwa na mwanachama mwenzetu mhandisi wa maji, mzee mtaratibu, amefanya kazi ya visima maisha yake yote. Alisimama akasema wakubwa zangu, huku hamuwezi kuchimba kabla ya kupima, nendeni mchukue sampuli kwenye visima vya jirani kwanza, maana hata visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana, na mkishachimba pimeni tena kabla hamjamruhusu mtu anywe. Akaambiwa anarudisha nyuma morali ya mradi, tiketi za chakula cha hisani zimeshauzwa. Hakuja tena. Baadae kwenye taarifa ya wanachama wakaandika idadi ya wapya waliojiunga, wakashangiliwa, walioondoka hawakutajwa kabisa. Klabu ya namna hii tangu mwanzo ilikusudiwa ikusanye watu wa fani tofauti ili kila mmoja alete ujuzi wake mezani, sasa mna mhandisi wa maji ndani ya mradi wa maji na mnamnyamazisha, mnakusanya fani za nini?

Hela. Zilipatikana hivi, matembezi ya hisani na matisheti, chakula cha hisani cha kuuza meza, bahati nasibu, na hundi ile kubwa ya kuigiza ya kupigia picha. Watu wametoa kwa moyo, kuna mama ntilie karibu na stendi kanunua tisheti mbili akasema hii ni ya watoto wa Meru. Nimeomba mahesabu kama mwanachama hai niliyelipa ada, sio kama mpelelezi. Nikapewa karatasi moja ina mistari michache, kuchimba, pampu, simtanki, "uzinduzi na mawasiliano". Huo mstari wa mwisho ni mkubwa kuliko gharama ya kupima maji kwa mbali sana, na wa kupima maji haupo. Klabu za Lions, ambazo ni za huduma kama hizi zetu, zina kanuni iliyonyooka kabisa kwenye hili, hela iliyochangwa na umma inarudi kwa umma, gharama za kuendesha klabu zinatoka kwenye ada za wanachama wenyewe. Sisi tumelipia mahema, muziki na vitafunio vya wageni kwa hela ya yule mama.

Na nisieleweke vibaya, siipigi vita hii kazi ya klabu, mimi naipenda ndo maana nimo. Hizi klabu zimefanya makubwa. Rotary, nao ni wa klabu hizihizi za huduma, walianza Chicago 1905, Lions walianzia hukohuko 1917. Helen Keller, yule mwandishi wa Marekani asiyeona wala kusikia, aliwaomba Lions mwaka 1925 wawasaidie wasioona, na karibu miaka 100 baadae bado wako kwenye macho. Rotary waliingia kwenye polio kwa nguvu zote 1985, na Agosti 25, 2020 Afrika ikatangazwa haina tena kirusi cha polio cha asili. Hebu mfikirie hapo. Miaka 35, rais wa Rotary wa dunia anabadilika kila mwaka, na hakuna aliyekuja akasema polio ilikuwa ya mwenzangu mimi naanzisha ya kwangu.

Sisi huku tunafanya kinyume. Mwaka wa klabu unaanza Julai 1, rais mpya anavishwa mkufu, na siku hiyohiyo mradi wa mwenzake unakufa. Rais wa kisima akamaliza muda wake Juni, aliyefuata akaja na madawati, wa sasa anataka vituo vya kunawia mikono, na kila mmoja anataka kibao chenye jina la mwaka wake. Nilipouliza kisima ni cha nani sasa, rais akasema ni cha uongozi uliopita, niwaulize wao. Uongozi uliopita wakasema wameshakabidhi kwa shule. Shule wakasema walisaini tu karatasi ya kupokea, hawakupewa namba ya fundi, hawakupewa hela ya matengenezo, hawakuambiwa chochote kuhusu ubora wa maji. Nimeuliza kama chombo cha watumia maji cha pale au ofisi ya RUWASA wilaya, wale wakala wa serikali wa maji vijijini, walishirikishwa, hakuna aliyejibu. Hili ndo nalolilalamikia hasa wakuu, sio kosa la mtu mmoja, ni utaratibu ambao mradi hauna mwenyewe ikishafika Juni 30.

Kuna jambo lingine nataka watu wa klabu nyingine walijue maana naamini haliko kwetu tu. Ile misaada mikubwa ya mfuko wa Rotary bajeti inaanzia dola 30,000, na huwezi kuomba kabla hujafanya tathmini na jamii husika, ueleze mradi utaendelea vipi ukishaondoka. Inasumbua, makaratasi ni mengi, lakini inakulazimisha uulize. Miradi midogo kama huu wetu, inayotokana na hela za kuchangishana mtaani, haina anayekukagua. Kwa hiyo hela ndogo ya mama ntilie inatumika ovyo kuliko hela kubwa ya wafadhili wa nje. Hiyo si haki hata kidogo.

Nikachoka, nikachukua sampuli mwenyewe nikapeleka maabara nikalipa mfukoni. Karatasi ninayo. Imezidi 1.5 mbali sana, na imezidi hata ile 4 ya zamani. Nikampelekea rais. Jibu lake lilikuwa nisiisambaze mpaka baada ya sherehe ya kuapisha wanachama wapya kwa sababu kuna wageni wa kutoka klabu rafiki za nje wanakuja, tutaonekana vibaya. Watoto wanaendelea kunywa kila siku ya shule, na sisi tunasubiri wageni waondoke!! Hapo ndo nilipofika mwisho.

Nimeenda shule mwenyewe nikamwonyesha mwalimu mkuu ile karatasi. Alikaa kimya muda mrefu, alafu akaniuliza "sasa niwaambie nini wazazi?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mimi nilivaa tisheti ya klabu.

NAONGEZEA baada ya kusoma maoni yenu:

Mdau aliyesema bora maji yenye floraidi kuliko kukosa kabisa, nakuheshimu mkuu lakini hapa si kweli. Watoto walikuwa wanabeba maji ya chemchemi ya juu kutoka nyumbani kwenye vidumu. Sasa wameacha kwa sababu bomba lipo shuleni na limezinduliwa na wakubwa. Tumewatoa kwenye chanzo cha afadhali tukawaleta kwenye kibaya. Maji ya kisima yafue, yaoshe vyoo, yamwagilie miti, sina ugomvi, ila yasiwe ya kunywa wala ya kupikia uji.

Aliyeuliza kuhusu chujio, ndio ipo njia, mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa inachomwa kwa hewa kidogo ikawa mkaa, inasagwa chengachenga, maji yanapita humo floraidi inanaswa. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji wanaoshughulika na mambo haya, ni pua na mdomo na shule yenyewe, na klabu haikwenda hata kuuliza. Ila mkaa unachoka, lazima ubadilishwe na maji yapimwe tena, kwa hiyo ukifunga chujio bila bajeti ya kila mwaka umewadanganya watu mara ya pili. Ndo maana bado naona wazazi walikuwa sahihi, matanki ya mvua kwanza, chujio kwa miezi ya kiangazi matanki yakikauka.

Anayesema nimeisaliti klabu kwa kuandika huku, mimi nilianza ndani, kwa barua, kwa kikao, kwa mdomo. Mkinifuta uanachama nifuteni, pini nitawarudishia, lakini matokeo ya maji yanabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule.

Ninachotaka ni hiki. Bomba la kunywa lifungwe wiki hii. Klabu iwaambie wazazi ukweli kwa mkutano, kwa Kimeru na Kiswahili, sio kwa posti. Hela ya vituo vya kunawia mikono isiguswe mpaka magata na matanki ya pale yafungwe, hata kama kibao kitabaki na jina la rais aliyepita. Na mahesabu ya yale matembezi yatoke, mstari kwa mstari.

Kikao chetu ni Alhamisi mchana. Nitaenda na karatasi ya maabara na kopi za kutosha kila meza. Kama kuna fundi humu wa Usa River, Tengeru au Arusha mjini anayefunga magata kwenye majengo marefu ya shule, tafadhali aniandikie inbox makadirio yake kwa mita kabla ya siku hiyo, nataka niingie nayo mkononi.