Nasafirisha milango na madirisha makubwa kutoka Kampala hadi Bwera, nifungeje yafike salama?

Mwana_wa_Bwera

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa mafundi na yeyote aliyewahi kusafirisha vitu vya namna hii, maana safari ya kwanza ilinitoa machozi.

Namjengea mama nyumba huku milimani juu ya Bwera, wilaya ya Kasese. Mwaka jana nilipakia madirisha mawili ya alumini kwenye kanta, lile lori dogo. Dereva akayalaza juu ya magodoro, akaniambia yatalala kama mtoto. Tulipofunua turubai, moja lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye kona na kupanda mpaka katikati. Kuinua godoro, nikakuta pale pale chini ya kona pametokeza kichwa cha bolti ya bodi ya gari. La pili kioo kilikuwa kizima lakini fremu imepinda. Mpaka leo ukilifunga, juu linagusa na chini unapitisha kidole. Mama ameziba kwa kitambaa.

Zamu hii mzigo ni mkubwa zaidi. Kuna mlango wa mbele wa mvule wa mbawa mbili, urefu mita 2.4, kila ubawa sentimita 90, pamoja na fremu yake. Kuna milango minne ya vyumbani, na madirisha manne ya kuteleza ya mita 1.8 kwa 1.5. Halafu kuna kioo kimoja cha sebuleni kisichofunguka, mita 2.4 kwa 2.1, unene milimita 6. Hicho ndicho kinaninyima usingizi.

Nivilaze au nivisimamishe? Nipitie Fort Portal au Mbarara? Na kanta haifiki mlangoni, barabara ya mwisho ni udongo mwekundu wenye makorongo, kwa hiyo kama mita 300 ni za kubeba kwa mikono tukipanda mlima.

Fundi_Vioo_Katwe

Pole sana ndugu, na mama mpe pole. Dereva wako hakuwa na nia mbaya, wengi wanaamini godoro ni dawa. Lakini godoro ndilo lililokuponza. Kioo kikilazwa juu ya kitu laini, kila tuta kinabonyea katikati, na kioo hakijui kupinda. Kikisimamishwa, uzito wake unashuka kwenye ukingo wa chini, na kwa namna hiyo kinavumilia mengi. Ila ukingo huo huo ndio unaoumia haraka ukigusana na chuma, jiwe au kioo kingine. Kwa hiyo kisimame, na kisimame juu ya mpira au ubao, kamwe si juu ya bati la gari.

Sasa uzito. Mita moja ya mraba ya kioo, kwa kila milimita ya unene, ni kilo 2.5. Chako ni mita za mraba 5 na kidogo, mara milimita 6, unapata kama kilo 76. Huo ni uzito wa mtu mzima ambaye huna pa kumshika.

Mwambie selemala akutengenezee kitegemeo chenye umbo la herufi A, kwa mbao za inchi nne kwa mbili, kisimame kwa urefu wa gari na si kukatisha. Kwa kila mita moja ya kwenda juu, kilale ndani kama sentimita 10. Kioo kikisimama wima kabisa kinataka kuanguka, na kikilala sana kinaanza kupinda. Pande zote mbili za kitegemeo zipate uzito unaokaribiana, vinginevyo gari likikata kona linavutwa upande mmoja. Pigilia kitegemeo chenyewe kwenye sakafu ya bodi, na upande wa mbele weka ubao wa kuzuia, maana dereva akikanyaga breki mzigo wote unataka kwenda kumsalimia kwenye kabini.

Kati ya dirisha na dirisha weka maboksi yaliyokunjwa au vipande vya mpira wa ndani wa tairi. Na vikae vikavu! Maji yakiingia kati ya vioo viwili vilivyobanana yakakaa siku kadhaa, yanaacha ukungu ambao hautoki hata ukisugua mpaka jioni.

Selemala_Ndeeba

Vioo umejibiwa vizuri, mimi niseme ya mbao.

Fremu ya mlango haiharibikiwi na tuta, inaharibikiwa na kujinyonga. Ina miguu miwili ambayo chini haijaungana na kitu, gari likiyumba kila mguu unakwenda kwake. Kabla haijatoka karakana, piga ubao chini kuunganisha miguu, halafu ubao mwingine wa mshazari kutoka kona hadi kona. Ukishapiga, pima kwa futi kamba kona kwa kona, mishazari yote miwili. Vipimo vikilingana, fremu iko sawa. Viandike kwa penseli kwenye fremu yenyewe, na ukifika Bwera upime tena kabla hujamlipa mtu. Ubao wa mshazari usiung'oe mpaka fremu imesimama ukutani na saruji imeshika.

Mbawa za mlango zisafiri zikiwa zimetolewa kwenye fremu. Mvule ni mzito, ubawa wa kipimo hicho ukiwa na unene wa sentimita 4.5 unaweza kukaribia kilo 60, na bawaba zikibeba uzito huo gari likirukaruka zinang'oa skrubu. Ng'oa vitasa pia. Nimeshaona kitasa kimoja kikichimba mfereji kwenye milango mitatu iliyokuwa jirani nacho.

Hapa nitatofautiana kidogo na wanaosema kila kitu kisimame. Mlango wa mbao usio na kioo unaweza kulala, mradi chini kuna vibao vitatu vilivyo usawa mmoja, uso uangalie uso na katikati boksi. Milango yako minne ya vyumbani ilaze hivyo. Na ipake vanishi pande zote sita kabla ya safari, hadi ukingo wa juu na wa chini ambao watu husahau kwa kuwa hauonekani. Mbao hunywa maji kupitia huko.

Dereva_Njia_Panda

Njia ya kupitia Mityana, Mubende na Fort Portal ndiyo fupi. Ya Mbarara inazunguka, halafu unavuka mbuga kupitia Katunguru ambako wanyama hukatiza barabara. Zote mbili zinakutana Kikorongo, hapo ndipo unapochepuka kwenda Bwera na Mpondwe. Mimi ningepita Fort Portal, ila kila kituo cha biashara kina matuta, na dereva mwenye haraka anayaruka.

Mzigo wa kioo usiuweke nyuma ya tairi za nyuma. Huko mkia wa gari unarusha kuliko mahali popote. Sogeza mbele karibu na kabini. Na kamba ipite kwenye fremu, isibane katikati ya kioo. Mikanda ya kukaza ni bora kuliko kamba ya katani, lakini yoyote utakayotumia italegea, kwa kuwa maboksi hubonyea. Simama baada ya kilomita 20 au 30 ukaze, Mityana ukaze tena, kisha kila mnapopumzika.

La mwisho, na hili sisi madereva hatupendi kulisema: kubalianeni mapema, tena mbele ya taniboi, yaani msaidizi wa dereva, kwamba hakuna kupandisha mzigo mwingine njiani. Magunia mawili tu ya mtu wa Mubende yakiegemezwa kwenye madirisha yako, kazi yote ya kufunga imepotea.

Kijana_Kasese

Hizo mita 300 za mwisho si anaweza kutumia boda? Huku tunabeba mpaka vitanda.

Mama_Mkandarasi_Arua

Mwanangu, boda hapana. Kioo cha upana huo upepo unakigeuza tanga, na dereva wa boda ana mke na watoto.

Mwana wa Bwera, kuna swali ambalo halijaulizwa: kwa nini kioo hicho kiwe kimoja? Mwombe fundi wa alumini aweke mhimili katikati, upate vioo viwili vya kama kilo 38 kila kimoja. Watu wawili wanabeba bila kutetemeka, na siku mtoto akirusha jiwe utabadilisha nusu tu. Fremu itangulie ifungwe ukutani, vioo viingizwe huko huko. Ila kama umeagiza kile kioo kigumu kinachovunjika punje punje, amua kabla hakijachomwa, kwa sababu kikishatoka kwenye tanuri hakikatwi tena.

Kwenye kubeba, kioo kibebwe kikiwa kimesimama, kisiwe bapa kama meza. Viatu vya kufunika vidole, glavu, mikono mirefu. Mmoja atangulie bila mzigo aondoe mawe njiani na apaze sauti penye shimo. Na mkae chini muwaambie vijana wote, kabla hawajagusa chochote: kikiponyoka, kiacheni kianguke, rukeni pembeni. Nilimwona kijana mzuri akijaribu kukidaka. Mkono ulipona, vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Kioo kinanunulika.

Vikifika, usivipange kwenye sakafu mbichi ya saruji wala karibu na wanaopiga plasta. Tope la saruji likirukia alumini au kioo na kukauka, linakula uso wake.

Mwana_wa_Bwera

Ndugu zangu, narudi na mrejesho. Mama Mkandarasi, nilimpigia fundi siku ile ile usiku, kumbe kioo kilikuwa bado hakijakatwa. Tukaweka mhimili.

Tuliondoka Kampala kabla ya jua kutoka. Kwenye kituo cha kwanza nilishika mkanda nikakuta unacheza kabisa, na nilikuwa nimeukaza mwenyewe kwa nguvu zangu zote. Karibu na Kyenjojo dereva aliombwa abebe matangi mawili ya maji, akanitazama, nikatikisa kichwa, akaendelea na safari.

Mlimani tulikuwa watu sita. Kila pea kioo kimoja, na wawili wa kupokezana. Mama alisimama juu na jembe, alikuwa ameshasawazisha njia tangu asubuhi bila kuambiwa na mtu. Fremu ya mvule nimeipima kona kwa kona: imetofautiana milimita 2 na kile kilichoandikwa kwa penseli. Selemala, hiyo inakubalika?

Selemala_Ndeeba

Inakubalika. Isimamishe, hakikisha kwa timazi kwamba imesimama wima pande zote mbili, ubao wa mshazari uache.