Roma imenigombanisha na mchumba wangu, naombeni ushauri

Mpendasinema
Wakuu habari, sina amani kabisa. Juzi nimeangalia Roma na mchumba wangu, ile filamu ya Mexico ya Alfonso Cuarón iliyobeba Simba wa Dhahabu, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Venice, 2018 na mwaka uliofuata Oscar 3. Saa mbili na robo, haina rangi, haina hata muziki wa kusindikiza, inaanza mtu anadeki na maji yanapita tu kwenye vigae. Nikasubiri kitu kianze mpaka ikaisha. Nikamwambia ukweli kwamba imesifiwa kupita kiasi, toka hapo hapokei simu. Kutoipenda filamu ni kosa?

Kichuguu
Una pupa mkuu. Ile ndege inayopita ndani ya maji ya kudekia uliiona lakini? Mimi niliirudia mara tatu

Babu wa Mbagala
Wife alininunia wiki nzima kisa tamthilia ya Kifilipino, nikanunua kitenge yakaisha. Nunua kitenge.

mama P
Hakuna anayenuna siku mbili kwa ajili ya filamu. Ulisema nini, maneno yenyewe?

Mpendasinema
Nilisema "saa mbili namwangalia hausigeli anafua". Sasa mama yake alifanya kazi za ndani Oysterbay karibu miaka 20, yeye kalelewa na bibi kijijini. Nilikuwa najua, ila niliongelea filamu sio mama yake! Jumapili wazee wangu walikuwa wapeleke barua kwao, nimeshawaambia wasogeze mbele, siwezi kuomba radhi kwa kitu ambacho sijakosea.

mama P
Kumbe hilo ndo ulilificha. Cuarón mwenyewe ile filamu kaitoa kwa Libo, dada aliyemlea. Mimi nimefanya hizo kazi miaka minne, watoto wa watu walikuwa hawalali bila mimi, narudi nyumbani wa kwangu ananikimbia.

Jicho Kavu
Hii chai. Umetaja mwanzo tu, hiyo filamu hujaiona. Haya, ufukweni kunatokea nini?

Mpendasinema
Cleo, yule hausigeli, hajui kuogelea ila anaingia kwenye mawimbi anawatoa watoto wa bosi, halafu wamemkumbatia pale mchangani analia, anasema yule mtoto wake aliyezaliwa amekufa hakutaka azaliwe. Hapo mchumba wangu akaanza kulia. Na hapo hapo ndo niliisema ile sentensi, haikuwa hata imeisha.

Jicho Kavu
Basi sio chai.

mama P
Wapigie wazee wako leo, barua iende Jumapili.

Mpendasinema
Baba kashakata tiketi ya kurudi Singida.