Naandika mashairi usiku nikisubiri majibu ya vipimo, ila yanatoka ya huzuni tupu

Machomacho
Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita walinikata kinyama shingoni kikapelekwa maabara, nikaambiwa majibu ni baada ya wiki 2. Mchana najitahidi maana niko na watu, usiku ndo kazi, wenzangu wakilala mie naanza kujipapasa shingo, kidole kinarudi palepale penye nyuzi, nawasha simu nasaka dalili mtandaoni hadi saa tisa, nikizima naogopa kuliko nilivyowasha. Juzi nikachoka, simu nikaiweka mbali nikachukua daftari. Shuleni ushairi sikuupenda kabisa, ila haya yalikuja yenyewe:

Usiku umeniganda
Saa zimegoma kwenda
Moyo unadundadunda
Na jibu sijapokea

Nilipomaliza nikalala. Sio sana, ila nililala. Sasa mama mdogo kaliona lile daftari kaniambia niache, maneno huumba, nikiandika giza nitajiitia giza, niandike ya kushukuru tu. Nampenda sana na najua hofu aliyonayo ni kama yangu. Nikajaribu la kushukuru, likawa la uongo mstari hadi mstari, nikalifuta. Mliougua au kuuguza naomba mniambie, mashairi na kutafakari viliwasaidia vipi? Na ni lazima liwe la matumaini ndo lisaidie?

Mwenyekiti_wa_Saa4
Pole sana ndugu yangu. Mimi figo zilikufa, nasafishwa damu mara 3 kwa wiki, kila nikikaa ni masaa 4, mwaka wa pili sasa. Sindano 2 ziko mkono wa kushoto na mkono huo hausogei, kwahiyo daftari sina, natungia kichwani. Nachukua neno moja kama "subira" naanza kulitafutia wenzake, hasira, dira, taswira, nahesabu mizani, yaani silabi za mstari, kwa vidole vya mkono wa kulia nikivibonyeza pajani kimoja kimoja, nikija kushtuka nesi anasema bado nusu saa.

Ila sio kupoteza muda tu, ngoja nikueleze kilichonitokea. Hofu ukiiacha hivihivi haina mwisho, inajaa chumba kizima. Ukiilazimisha iingie mizani 8 inabidi iache vitu nje. Siku moja nilitaka kusema nitakufa niwaache watoto na hakuna wa kuwalea na mama yao atabeba vipi na shule je, yote hayo hayaingii kwenye mstari mmoja, nikakata nikakata nikabaki na "wanangu bado wadogo". Hesabu mwenyewe, ni 8 kamili. Nikalirudiarudia nikagundua hilo ndo lililokuwa linaniuma miezi yote, kumbe hata sio kufa. Jioni ile nikawapigia simu ndugu zangu wawili tukaongea kuhusu watoto, nani atasimamia nini. Ugonjwa uko palepale lakini lile jiwe la kifuani lilishuka. Kwahiyo kwa swali lako la mwisho, hapana, lisiwe la matumaini kama hayapo. Liwe la kweli kwanza.

Bintimalenga
Naongezea kwa mleta mada, kuhusu kujiitia giza. Utenzi maarufu kuliko wote wa mama kwa binti kwenye Kiswahili umeandikwa na mgonjwa. Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858 na mwanzoni kabisa anamwambia binti yake kuwa maradhi yamemshika hata umetimia mwaka, halafu anamwita aje akae na wino na karatasi. Hakujificha kuwa anaumwa. Mengi ya mle ndani ni mawaidha ya maisha ya ndoa, wengine leo hawakubaliani nayo na wana haki, ila mimi hupenda kusoma mwishoni anapogeuka kuomba dua, anajiombea afya, anawaombea watoto. Kalitaja giza, kisha akaomba. Vyote viwili katika utenzi mmoja, na hakuna aliyemwambia achague.

Kitu kimoja usome kwa sauti, hata ya kunong'ona. Kimoyomoyo macho yanakimbia, ukitamka pumzi inabidi isubiri mwisho wa kipande, mwili unatulia wenyewe.

Nesi mstaafu
Mwanangu pole. Nimekaa wodini miaka mingi nakubaliana na waliotangulia, ila nina tahadhari. Mwaka 1986 kule Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wa wanafunzi walioandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi pale walipomaliza tu kuandika, ila miezi iliyofuata safari zao za kwenda kutibiwa zilipungua kuliko za wenzao walioandika mambo ya kawaida tu. Tafiti za baadaye zimepishana, zingine zimeona faida kidogo na zingine hazikuona, kwahiyo sio dawa ya kila mtu. Ninachotaka ushike ni kwamba uzito wa baada ya kuandika ni kawaida, na uweke kikomo, dakika 15 au 20 kisha funga daftari. Kuandika jambo lilelile hadi alfajiri ni sawa na ile simu yako ya saa tisa.

Na ukiona wiki 2 nzima usingizi hamna, chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha, mwone daktari. Mawazo ya kujidhuru yakija hata mara moja usisubiri, mwambie daktari au mtu wa karibu siku hiyohiyo. Siku ya majibu usiende peke yako, na maswali yaandike mwishoni mwa daftari hilohilo maana ukishakaa mbele ya daktari yote husahaulika.

Kapeto
Msomee huyo mama mdogo. Aliyekutana na daftari akasoma mwenyewe sio sawa na aliyesomewa.

Machomacho
Nimesoma yote, mengine mara mbili mbili, asanteni mno. @Kapeto nimemsomea jana usiku. Alikaa kimya mpaka nikajuta, halafu akasema mstari wa tatu ndo moyo wake na yeye tangu siku ile, kumbe alikuwa halali, kila mtu chumbani kwake anamwonea mwenzake huruma. Tumekubaliana siku ya majibu tunaenda wote na maswali tumeshaandika 6. Leo nilipomaliza dakika zangu limetoka hili, sijui kama ni la matumaini ila la uongo sio:

Hofu keti nikuone
Tukae tuulizane
Hadi kuche tuagane
Mimi nina pa kwendea